UZI: Tulipima mitaro ya Dar kwa fimbo huku setilaiti zikipita juu

#1 Mpima_Mitaro (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila masika yanapokaribia naulizwa swali lile lile na ndugu, majirani, hata dereva wa bodaboda akishajua nimesomea ramani: "Si setilaiti zipo? Kwa nini wasiangalie kutoka huko juu wakajua maji yanakwama wapi?" Mtu ambaye godoro lake limelowa mara tatu ana haki ya kuuliza hivyo. Najibu hapa kwa kirefu, mwenye haraka anisamehe.

2015 nilikuwa mwanafunzi Chuo Kikuu Ardhi. Mwaka huo ndipo Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa inayofurika, ilipoanza Dar es Salaam, ikiwakutanisha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), Benki ya Dunia, Msalaba Mwekundu, watu wa Humanitarian OpenStreetMap Team, na sisi wanafunzi wa Ardhi na wenzetu wa Mlimani. Tandale ilikuwa imeshachorwa tangu 2011. Desemba ya mwaka huo huo wa 2011 ikaja mvua ambayo jiji halikuwa limeiona tangu 1954, watu wapatao 40 wakafa. Wengi humu mnaikumbuka.

Kazi ilianzia mezani. Unafungua picha ya angani, mwanzoni ya setilaiti, baadaye ya droni zilizorushwa juu ya jiji, unachora paa moja moja kwenye OpenStreetMap, ramani ya wazi ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri. Picha ya droni ilikuwa kali kiasi cha kuona ndoo iliyoachwa uani. Aliyezoea anachora mamia ya nyumba kwa siku. Mitaa ambayo kwenye ramani za zamani ilikuwa doa tupu, ndani ya wiki chache ikawa na nyumba, vichochoro, visima na miti. Nilifurahi sana siku zile, na mpaka leo nasema hakuna njia nyingine ambayo ingetupa kitu hicho kwa muda ule.

Kisha tukashuka mtaani.

Mtaro hauonekani vizuri kutoka juu. Mwingine umefunikwa kwa mabati, mbao au meza ya mama ntilie. Hata ulio wazi, picha inakupa mstari tu. Haikwambii kina chake, haikwambii kama ni zege au udongo uliochimbwa na vijana wa mtaa, haikwambii kama chini kumejaa mchanga na chupa za plastiki. Kwa hiyo tuliifuata mitaro kwa miguu, watatu watatu. Mmoja ana simu yenye GPS na fomu, mwingine ana karatasi ya ramani na kalamu, wa tatu ana fimbo. Fimbo yetu ilikuwa ubao mwembamba tulioutia alama za wino kila baada ya sentimita kumi. Unaisimamisha taratibu mpaka iguse tope, unasoma. Unaikandamiza mpaka igonge sakafu ya mtaro, unasoma tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo taka. Kuna mtaro mmoja nilioupima mwenyewe ulikuwa na kina cha sentimita 90, na 60 kati ya hizo zilikuwa mchanga na mifuko. Kwenye ramani ya ofisini mtaro ule ulikuwa "upo".

Jambo la pili lililonifundisha ni vizingiti. Tulitakiwa kuuliza wazee maji yalifika wapi: kifundo cha mguu, goti, kiuno. Mama mmoja akanishika mkono akaniingiza chumbani, akanionyesha ukutani mstari wa rangi ya chai, juu kidogo ya swichi ya taa. "Hapa," akasema, "na kitanda hiki kilikuwa kinaelea." Baadaye nikaona kuwa mlangoni kwake kuna kizingiti cha zege kilichonifika gotini, ukiingia unapanda ngazi kisha unashuka. Nikaanza kuangalia milango ya jirani. Ukikaribia korongo vizingiti vinarefuka, ukipanda kidogo kuelekea barabarani vinapungua mpaka vinaisha. Watu walikuwa wameshaichora ramani ya mafuriko kwa saruji yao wenyewe, nyumba kwa nyumba. Tangu siku hiyo nilipima na vizingiti, ingawa fomu haikuuliza.

Ukiziweka zote pamoja, mapaa, mitaro, kumbukumbu za wakazi na mwinuko wa ardhi, programu kama QGIS na InaSAFE zinakupa kitu ambacho mtendaji wa kata anaweza kukitumia: maji yakifika hapa, nyumba ngapi zitaguswa, shule ipi, zahanati ipi, njia ipi itabaki wazi kwa kubebea mgonjwa. Na tulichora mpaka mipaka ya mashina, yaani zile nyumba chache zilizo chini ya mjumbe mmoja, pamoja na wajumbe wenyewe, maana maafa yakitokea Mtanzania hapigi simu wizarani, anakwenda kwa mjumbe.

Sasa linaloniumiza. Miaka minne baadaye nilirudi kwenye ofisi moja ya kata, siitaji. Ramani tuliyowachapishia ilikuwa bado ukutani, safi, imewekewa plastiki. Mtendaji akaweka kidole juu ya mtaro mmoja akaniambia, "Huu haupo tena, kuna uzio wa mtu." Nikamuuliza kwa nini hawajarekebisha. Akasema angerekebishaje? Hana kompyuta yenye faili hilo, aliyefundishwa kulifungua amehamishwa, na mradi uliolipia uliisha. Yule mtendaji alikuwa anaijua kata yake kuliko ramani, lakini ujuzi wake haukuwa na mlango wa kuingilia.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanaouliza: setilaiti zipo, na picha nyingi ni za bure. Zinazotupungukia ni fimbo ya kila mwaka na mtu wa kudumu halmashauri ambaye kazi yake ni kuisahihisha ramani kabla ya masika, awe kwenye bajeti kama alivyo mhasibu.

Karibuni tujadili.

#2 Kijana_wa_Muhoro

Mkuu umeandika vizuri, lakini hayo ni ya Dar. Mimi kwetu ni Rufiji. Aprili 2024 maji yamekaa kwenye mashamba yetu wiki na wiki, mahindi yameoza, mpunga umekwenda. Rufiji na Kibiti yote bahari. Kule hakuna mtaro wa kupima kwa fimbo. Hiyo setilaiti kama inaona, mbona hatukuambiwa mapema tuhamishe hata mbegu?

#3 Mpima_Mitaro

Pole sana ndugu yangu. Mvua zile ziliua watu 155 nchi nzima kwa hesabu iliyotolewa bungeni Aprili 25, na nyie wa bondeni mliumia zaidi ya wengi.

Niseme ukweli wa kitaalamu, maana hapa ndipo watu wanapodanganywa na matangazo. Setilaiti si kamera iliyoning'inia juu ya kwenu Muhoro usiku na mchana. Inazunguka dunia, inapita, inaondoka. Inayofaa kwa mafuriko ni ile ya rada, Sentinel-1 ya Ulaya, kwa sababu rada inapenya mawingu na inafanya kazi hata usiku. Kamera ya kawaida wakati wa masika inakupigia picha ya mawingu tu. Rada inatuma mawimbi yake chini na kusikiliza yanayorudi. Maji yaliyotulia ni kama kioo, mawimbi yakifika yanateleza kwenda upande mwingine, hayarudi. Kwa hiyo maji yanatokea meusi na nchi kavu inatokea ya kijivu.

Zilitakiwa ziwe mbili zinazopokezana, kila baada ya siku sita. Moja, Sentinel-1B, iliharibika Desemba 2021. Mbadala wake ikarushwa Desemba 2024. Ina maana Aprili yenu ile ilikuwapo moja tu, na kwa njia ile ile ilirudi kila baada ya siku 12. Katika siku 12 Rufiji inaweza kupanda, kujaa na kuanza kushuka.

Ndiyo maana nasema picha ya mafuriko si king'ora. Onyo la mapema linatoka kwenye utabiri wa mvua, kwenye vipimo vya kina cha mto huko juu, kwenye taarifa za bwawa, na kwenye mtu mwenye wajibu wa kupiga simu kwa mwenyekiti wa kijiji. Picha ya rada kazi yake ni baada ya hapo: ekari ngapi zimezama, vijiji vipi, chakula na mbegu vipelekwe wapi kwanza. Kwa kazi hiyo ni nzuri kuliko mtu yeyote mwenye daftari, kwa sababu haipendelei kijiji kilicho karibu na barabara.

Ila ina mtego, na nyie wa Rufiji mnapaswa kuujua. Majaruba ya mpunga ni maji. Asiyelijua bonde akiangalia picha moja tu atasema mpunga wote umefurika, au kinyume chake atayafuta mafuriko ya kweli akidhani ni majaruba. Lazima alinganishe na picha za miezi na miaka ya nyuma za mahali hapo hapo. Na chini ya mikoko kule delta rada hii haioni vizuri, majani yanaizuia. Mijini ndiyo usiseme: kati ya kuta za nyumba za Jangwani, Dar, mawimbi yanagonga maji, yanagonga ukuta, yanarudi kwa nguvu, mafuriko yanang'aa badala ya kuwa meusi. Chombo kile kile kinachokufaa wewe Muhoro kwetu mjini kinapotea njia.

#4 Mfugaji_Garissa

Nawasalimu kutoka Kenya. Wacha niongeze upande wa ukame, kwa sababu sisi tumelipwa pesa kwa ajili ya setilaiti.

Bima ya mifugo ilianza Marsabit mwaka 2010, watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ndio walioianzisha. Mwaka 2015 serikali ikaichukua ikaiita KLIP, ikaanza na Turkana na Wajir, halafu ikafika kaunti nane, Garissa na Tana River zikiwemo. Hakuna mtu anakuja kuhesabu mizoga. Setilaiti inaangalia ukijani wa malisho, wanalinganisha na miaka ya nyuma ya eneo lenyewe, ukishuka chini ya kiwango mnalipwa. Serikali ilimlipia mfugaji aliyeandikishwa bima ya ng'ombe watano, au mbuzi hamsini, kwa sababu mbuzi kumi wanahesabiwa kama ng'ombe mmoja. Kizuri ni kwamba pesa inalenga kufika kabla mnyama hajafa, ununue nyasi na maji. Kununua nyasi ni rahisi kuliko kununua ng'ombe mwingine.

Lakini kuna mathenge, ule mti wa miiba. Hapa kwetu kandokando ya Tana mathenge imefunga njia, miiba yake inatoboa kwato na tairi. Mizizi inaenda chini sana, kwa hivyo wakati wa ukame kila kitu kimekauka lakini yenyewe iko kijani. Kutoka juu, kijani ni kijani. Ng'ombe anasimama mbele ya hiyo kijani anakufa njaa. Tuliwaambia maafisa: njooni muone hiki kijani chenu kiko na miiba. Wengine walisikiza. Mimi naona ingekuwa sheria, kila mwaka wazee wa malisho waonyeshwe ramani waseme wapi ni nyasi na wapi ni mathenge.

#5 Mpima_Mitaro

Kaka, umenipa mfano ambao nitautumia darasani. Wale wazee wa malisho ndio wajumbe wangu wa mashina. Naunga mkono kwa asilimia mia kuwa iwe sheria, isiwe hisani ya afisa mmoja msikivu.

#6 Mkazi_wa_Bondeni

Samahani nitaharibu hali ya hewa. Mimi ni mkazi wa Bonde la Msimbazi. Mnasifia ramani lakini mnajua ramani kwetu ina maana gani? Desemba 2015 nyumba zilipigwa X nyekundu na kubomolewa. Kabla ya hapo walipita watu na simu na karatasi wakituuliza majina ya mitaa. Nani anajua walikuwa nani? Kijana akija leo na fimbo yake kuniuliza maji yalifika wapi, nikisema yalifika dirishani, nimejiandikia X mwenyewe. Nikisema hayakufika, mtaro hautajengwa. Nijibu nini?

#7 Mpima_Mitaro

Dada, hujaharibu chochote. Hili ndilo swali gumu kuliko yote kwenye uzi huu.

Mwaka ule baada ya X tulipita nyumba ambazo mlango ulifungwa tukiwa hatua tatu mbali. Kuna baba alinitazama karatasi yangu akasema, "Andika kwamba hapa wanaishi watu." Nikaandika. Hakuna sehemu yake kwenye fomu, nikaandika pembeni kwa kalamu.

Siwezi kukuahidi kuwa data haitatumika vibaya. Ramani Huria ni ya wazi, mtu yeyote anaipakua, mwema na asiye mwema. Tulichojifunza na ninachokishikilia ni haya: kusichukuliwe majina ya wenye nyumba wala chochote kinachomtambulisha mtu. Mpimaji aingie na mjumbe na barua ya serikali ya mtaa. Nakala ya kwanza ya ramani ibandikwe kwa mjumbe kabla haijafika mjini, wakazi wapewe siku za kupinga. Na mkazi ajue kuwa jibu lake linaweza pia kumlinda. Leo kuna mradi wa Bonde la Msimbazi, Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 mwaka 2022, na ndani yake kuna fidia kwa wanaohamishwa. Nyumba isiyokuwa kwenye ramani yoyote ina kazi ngumu kuthibitisha kuwa ilikuwapo. Picha yenye tarehe inasema ilikuwapo. Hilo halifuti X ya 2015, lakini ni silaha ambayo wakati ule wengi hawakuwa nayo mkononi.

#8 Mpima_Mstaafu

Vijana, nimepima ardhi miaka mingi, sasa nimepumzika. Nina mawili.

Kwanza, mwanzisha uzi umetaja mwinuko wa ardhi kwa haraka mno. Hapo ndipo wengi wanapoangukia. Mwinuko wa bure ambao kila mwanafunzi anapakua unatokana na chombo cha anga cha Marekani kilichopita Februari 2000, siku 11 tu. Pikseli yake, yaani kila nukta ya picha, ni mita 30, na makosa yake kwenda juu na chini ni mita kadhaa. Tena rada ile ilipiga juu ya paa na juu ya mwembe, ikaandika hiyo ndiyo ardhi. Kwa milima ya Uluguru haidhuru. Kwa Jangwani, ambako nusu mita ndiyo inaamua nani alale ndani na nani alale barazani, ni upotoshaji. Mtu asichore mkondo wa mafuriko wa mjini kwa data hiyo. Atumie ya droni au ya leza kutoka kwenye ndege, na aifunge kwenye alama za upimaji zilizopimwa chini.

Pili, nakiri jambo. Nilifundishwa kuwa mpaka bila bikoni, yaani alama ya zege ya mpimaji, si mpaka. Kisha nikaona Wanyarwanda. Walipiga picha za ndege karibu nchi nzima, wakazichapisha kubwa, wakawapeleka vijana wa vijiji waliofundishwa wiki chache. Majirani wakasimama mpakani wakakubaliana, kijana akachora mstari juu ya karatasi. Kati ya 2009 na 2013 wakaandikisha viwanja na mashamba zaidi ya milioni 10. Kwa bikoni zangu wangekuwa bado wanapima. Usahihi wa sentimita si hitaji la kila kazi. Mkulima anataka jirani akubali mbele ya watu, na picha inahifadhi makubaliano hayo.

#9 Mpima_Mitaro

Shikamoo mzee wangu. Nimepokea yote, na la kwanza ni kosa langu, nililipita juu juu. Hata sisi tulilazimika kuacha data ile ya 2000 baada ya ramani kutuonyesha maji yakipanda kilima.

Naona maneno yako mawili yanakutana. Kwa maji ya mjini sentimita kumi ni kubwa, kwa mpaka wa shamba mita moja inavumilika. Anayeagiza kazi serikalini angeanza kwa kuuliza anataka kuamua nini, ndipo aulize picha gani inunuliwe. Nimeona mara nyingi picha ya gharama imeshalipiwa ndipo watu wanakaa kutafuta tatizo la kuitumia.

Na kwa wanafunzi walionitumia ujumbe pembeni: Landsat ni bure tangu 2008 na kumbukumbu zake zinarudi mpaka 1972, Sentinel ni bure, QGIS ni bure. Anza na mtaa unaoujua kwa miguu. Ukikosea, miguu yako itakwambia.

#10 Mkazi_wa_Bondeni

Nimesoma majibu yako yote, nashukuru hukunijibu kwa dharau. Basi nikwambie. Mtaro wa nyuma ya kwetu umeziba tena tangu Januari. Mara hii hawajajenga juu yake, ni mchanga kutoka kwenye nyumba inayojengwa kule juu. Mvua ya juzi ya nusu saa maji yamefika kwenye kizingiti. Mjumbe ameandika barua mbili. Ukipimwa na kuonekana kwenye ramani, kuna atakayesoma?

#11 Mpima_Mitaro

Dada, barua ya tatu iende na ramani, na kina cha mchanga kiandikwe kwa sentimita kila baada ya hatua kumi, na picha ya setilaiti ya Januari na ya mwezi huu ziwekwe pamoja ionekane rundo la mchanga lilipoanzia. Barua zile mbili zilisema "mtaro umeziba". Hii itasema umeziba kuanzia wapi mpaka wapi, kwa ujazo gani, na lori ngapi zinahitajika kuuondoa. Injinia akipewa idadi ya lori anaweza kuandika bajeti siku hiyo hiyo.

Mwambie mjumbe nitakuja Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, na wanafunzi wawili. Nitapitia ofisi ya mtaa kwanza kugonga muhuri. Vizingiti vya jirani zako navyo nitavipima, kama wataniruhusu. Na kitakachoandikwa utakisoma wewe kabla hakijaondoka hapo.